Kopo la Maziwa Linatosha Kuangaza Bustani

Sisi tuliokua kabla umeme haujafika mtaani tulilelewa na kopo. Fundi bati alichukua kopo lililoisha maziwa, akaliziba, akalipitishia utambi, koroboi ikapatikana. Tulisomea mwanga wake, na asubuhi tuliamka na masizi puani. Kwa hiyo nikiona mtu anatupa makopo jalalani halafu anakwenda dukani kununua taa za bustani za plastiki, roho inaniuma.

Hizo za plastiki nami nilizinunua: sita, za sola, zile za kuchomeka ardhini. Mwezi haukuisha, nne zikazima. Nilipofungua moja nilikuta kipaneli, nyaya mbili nyembamba, taa ya LED ndogo kama punje ya mtama, na betri moja ya kuchaji ya volti 1.2. Iliyokufa ni betri tu, vingine vyote vizima. Nikaweka mpya, na vyombo vyote vile nikavihamishia kwenye makopo. Ukifanya hivi, hakikisha betri ni ya kuchaji na ya aina ileile. Betri za kawaida za redio hazikutengenezwa kuchajiwa. Zitavuja na kuozesha kila kitu.

Kazi tamu ni kutoboa. Kopo tupu ukiligonga linabonyea, basi lijaze maji, ubakize nafasi ya vidole viwili juu kwa kuwa barafu hutanuka, ulilaze friza usiku kucha. Asubuhi liweke juu ya gunia lililokunjwa, shika nyundo na msumari, piga. Barafu inalishikilia bati kwa ndani, na kila tundu linatoka safi. Mimi huchora kwanza kwa kalamu, na mchoro niupendao ni lile korosho la pembe ya kanga. Mikono itakufa ganzi kwa baridi, lakini jioni giza likiingia utaliona korosho lako limejaa ukuta mzima.

Si makopo peke yake. Chujio la bati lililokatika mkono lina matundu tayari, lipindue tu na ulitundike. Kifumbu kilichochakaa, kile cha kukamulia tui, kinatoa mwanga laini kuliko kivuli chochote cha taa nilichowahi kukiona dukani. LED ndogo haichomi, ndiyo maana inakaa salama ndani ya miyaa. Mshumaa usithubutu.

Wageni huniambia mwanga wenyewe hafifu. Ni hafifu kweli, na ndivyo ninavyoutaka. Bustani si uwanja wa mpira. Siku hizi watu wanafunga mataa makubwa meupe juu ya ukuta, ua unakuwa kama mchana, nyota hazionekani, na mvua zikianza kumbikumbi wote wa mtaa wanahamia kwao. Mwanga wa manjano huvuta wadudu wachache kuliko mweupe wenye ubluu. Ukikaa nao dakika chache macho yanazoea, unaanza kuona jani la mpapai lilivyochanika, na asumini inanukia vizuri zaidi pasipo na mng'ao.

Jambo moja nalishikilia kwa ukali: kila kopo litobolewe kitako. Kopo lililotuama maji ni nyumba ya mbu wa dengue, na wiki moja au siku kumi zinatosha yai kuwa mbu anayeruka. Mwaka 2019 Dar es Salaam iliumia sana kwa dengue, na hata hapa kwetu Tanga ilifika. Sitaki pambo langu limlaze mtoto wa jirani.

Hewa ya bahari nayo hula bati. Lipake kopo rangi ya mafuta mara mbili, ndani na nje, na paneli uifute vumbi na kuiweka penye jua. Chini ya mwembe haichaji.

Jana nilimtundikia Mama la kwake kwenye mpera. Aliligeuza huku na huku akitafuta utambi. Hakuupata. Akakaa kimya kitambo akiliangalia, kisha akasema, "Mwanangu, na lile la kahawa jikoni lichukue."

Liko friza sasa hivi.