Kete 32 Mbele ya Kamati ya Fedha

Asubuhi ya leo nimepokea barua yenye nembo, muhuri na makosa mawili ya tahajia, ikinifahamisha kwamba Serikali ya Wanafunzi, baada ya kuyatafakari kwa kina maombi ya Chama cha Sataranji, imeridhia kutupatia fedha za ubao mmoja na kete 24. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimeketi, kisha nikampa mwenzangu wa chumbani aisome kwa sauti, nikitumaini kwamba huenda sikio litanasa lililolipita jicho. Ni 24. Sataranji ina kete 32, yaani 16 kila upande, na jambo hilo halijawahi kuwa siri.

Mimi ni mtu mpole. Ni mhazini wa chama chenye wanachama 19, cheo nilichokipata kwa kuchelewa kikao cha uchaguzi, maana wenzangu waliona kwamba asiyekuwapo hawezi kukataa. Sikulalamika. Nilijaza fomu ya maombi katika nakala nne, nikaambatisha makisio ya bei kutoka kwa wauzaji watatu tofauti, taarifa ya matumizi ya mwaka uliopita (ilikuwa na mstari mmoja, na mstari wenyewe ulisema "hakuna"), na maelezo ya namna sataranji inavyochangia malengo ya chuo. Hayo ya mwisho niliyaandika usiku wa manane, na sitaki kuulizwa yalisema nini.

Fedha zenyewe, tusisahau, ni zetu. Kila mwanafunzi huzilipa pamoja na ada, na asiyelipa hasajiliwi. Makadirio ya mapato hupatikana kwa kuzidisha mchango huo kwa idadi ya wanafunzi wanaotarajiwa, na hapo ndipo balaa linapoanzia, kwa kuwa wanaotarajiwa huingia wote kwenye bajeti lakini hawaingii wote chuoni. Pengo likishaonekana, hakuna anayethubutu kugusa posho za viongozi, ambazo hukaa juu kabisa ya jedwali. Hakuna anayegusa gharama za ofisi wala tamasha la mwisho wa mwaka, na akiba ya dharura haiguswi kwa sababu dharura yenyewe bado haijatokea. Kinachobaki ni fungu moja liitwalo "Vyama na Vikundi", na humo ndimo pengo huzikwa.

Mwaka huu, isitoshe, waziri wetu wa fedha alitangaza kwamba tutafuata bajeti ya kuanzia sifuri, ambayo humtaka kila mwombaji atetee kila senti kana kwamba mwaka jana haukuwapo. Mtindo huo unahusishwa na Peter Pyhrr wa kampuni ya Texas Instruments. Jimmy Carter aliutumia alipokuwa gavana wa Georgia, akauingiza katika serikali kuu ya Marekani mwaka 1977 alipokuwa rais, na mrithi wake Ronald Reagan alipoingia madarakani mwaka 1981 ukawekwa kando. Sisi tumeuokota ulipowekwa. Mimi nilidhani kwamba sifuri ni mahali pa kuanzia tu.

Siku ya utetezi tuliambiwa kila chama kingepewa dakika kumi. Nilifika saa mbili kamili asubuhi nikiwa nimevaa suruali yangu ya mahojiano, nikaketi kwenye benchi la ukumbini pamoja na wahazini wenzangu, kila mmoja amekumbatia bahasha yake kama mgonjwa aliyeshika majibu ya vipimo. Mwenyekiti wa tamasha aliitwa mbele yangu. Niliinama kufunga kamba ya kiatu, na nilipoinuka alikuwa akitoka ametabasamu, fungu lake zima limepita bila swali. Fungu hilo ni kubwa kuliko ya vyama vyote yakiunganishwa. Mwaka 1957 Mwingereza mmoja aitwaye Northcote Parkinson alieleza habari za kamati ya kubuni iliyopitisha kinu cha nyuklia cha pauni milioni 10 kwa dakika mbili na nusu, kisha ikabishana dakika 45 juu ya banda la kuegeshea baiskeli, kwa sababu kinu hakuna aliyekielewa na banda kila mtu alilielewa. Nilipokuwa nikisoma habari hizo nilicheka sana. Sikujua kwamba banda lenyewe ni mimi.

"Ndugu mhazini," alianza mwenyekiti, "mwaka jana mliomba nini?"

"Mheshimiwa, mwaka jana tuliomba farasi mmoja."

Mjumbe mwenye kalamu nyekundu aliinua kichwa. Aliuliza kama chama kina mahali pa kufugia, na kama mlezi wa wanafunzi ana taarifa. Nilieleza kwamba farasi ni kete, na kwamba wa kwetu alipotea baada ya mwanachama mmoja kushindwa vibaya na kumtupa dirishani. Mwenyekiti alipekua kumbukumbu, akathibitisha kwamba ombi lilikataliwa, kisha akataka kujua tangu hapo tumekuwa tukichezaje.

"Tunatumia kifuniko cha kalamu, Mheshimiwa."

"Na kinafanya kazi?"

Nilipaswa kusema uongo. Nililelewa vizuri, nikasema ndiyo, kinafanya kazi, na kalamu nyekundu ikateremka. Kama kifuniko kinafanya kazi ya farasi, aliuliza mjumbe yule, hitaji liko wapi? Akaendelea na kete nyingine. Askari 16 wa nini katika chama cha kiraia? Wafalme wawili wa nini, ilhali chuo kizima kinaendeshwa na rais mmoja? Nilipofika kwenye saa ya mashindano, ambayo ina nyuso mbili, moja kwa kila mchezaji, mjumbe wa tatu, aliyekuwa amelala mpaka hapo, aliamka ili kupendekeza tununue yenye uso mmoja na tuwe tunapokezana. Nilimweleza kwamba kazi ya saa hiyo ni kuonyesha kila mchezaji amebakiwa na muda gani. Alinijibu kwamba nimebakiwa na dakika mbili.

Ndipo akasimama mwanafunzi wa sheria, kwa maana hakuna kikao kinachokwisha bila yeye kusimama. Alisema punguzo lolote lazima liwe la haki, akatukumbusha kwamba mwaka 2000, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali wanafunzi watozwe mchango wa lazima mradi fedha zigawanywe bila kupendelea msimamo wa chama chochote. Kwa hiyo, alihitimisha, kila chama kikatwe robo. Nilinyoosha mkono nikasema kwamba, kwa uelewa wangu mdogo, mahakama ile ilizungumzia maoni ya watu, haikuzungumzia wafalme wa mbao, na kwamba kama ni haki basi tamasha nalo likatwe robo. Niliarifiwa kwamba tamasha lilishapita kabla ya hoja kutolewa, na kamati hairudi nyuma.

"Robo ya 32 ni 8," alisema mwenyekiti huku akiandika. "Zinabaki 24. Kumi na mbili kila upande. Inatosha."

"Mheshimiwa, kumi na mbili kila upande ni drafti."

Uso wake uling'aa. Aliwageukia wajumbe, akasema kwamba kumbe upo mchezo wa namna hiyo hiyo, wa ubao ule ule wa miraba 64, unaoenea ndani ya bajeti, na akashangaa kwa nini chama hakikuliona hilo mapema. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi.

Sitaeleza habari za hundi, ambazo hutakiwa saini mbili huku mmoja wa watia saini akiwa amehitimu tangu mwaka jana. Wala za mwezi wa mwisho wa mwaka wa fedha, ambapo ofisi hugundua kwamba salio lisilotumika litarudishwa, na ghafla viongozi wote wanaonekana na fulana mpya. Wanaoingia baada yao hurithi bajeti waliyopangiwa na waliotoka, na hulalamika kwa ufasaha mpaka zamu yao ya fulana inapofika.

Lakini hili la risiti nitalisema. Mwaka jana nilinunua daftari la kumbukumbu za michezo kwa fedha zangu mwenyewe, kwa kuwa utaratibu ni kununua kwanza na kurudishiwa baadaye, na nikaiwasilisha risiti siku hiyo hiyo. Risiti za siku hizi huchapwa kwenye karatasi ile laini inayong'aa, ambayo maandishi yake hufifia. Faili langu lilihama meza hii hadi ile kwa miezi saba, na lilipomfikia mtu wa mwisho risiti ilikuwa nyeupe kabisa, wakanirudishia na maelezo kwamba "haisomeki". Ilisomeka! Ilisomeka nilipoileta, ikasomeka kwa wiki nyingi, wao ndio hawakuisoma. Niliuliza nifanye nini, nikaambiwa nilete nyingine. Kwa mtu ambaye hula kwa kuhesabu, fedha ile haikuwa ya mzaha, na sijaisahau.

Barua ya leo inasema nina siku saba za kukata rufaa kwa fomu maalumu. Nimekwenda kuichukua nikakuta mlango umefungwa, na karatasi iliyobandikwa inasema maofisa wote wako kwenye semina ya usimamizi bora wa fedha. Nimeamua kuiandika kwenye karatasi ya kawaida. Nimerudi chumbani, nimeketi, nimeandika tarehe na neno "Yah", na kalamu imegoma, wino umekauka kwa kukaa wazi, maana kifuniko chake kiko kwenye ubao, mraba wa pili kutoka kushoto, kinasubiri zamu yake ya kucheza.