Mashine Pepe, Mama, Siyo Pepo

Laptopu yangu niliinunua mtumba, jirani na stendi ya Moshi, ikiwa na kilema kimoja tu: kitufe cha Ctrl cha kulia hakikuwepo. Mahali pake muuzaji alikuwa amebandika selotepu nyeusi, kwa ustaarabu, kama plasta juu ya kidonda. Nilipomuuliza akacheka. "Mangi, Ctrl ya kulia nani anaitumia? Ya kushoto si ipo?" Nikapekua maisha yangu yote, kweli sijawahi kuigusa. Akanipunguzia elfu kumi, nikaondoka nikijiona mjanja kuliko mji mzima.

Hicho kitufe tukiweke pembeni kwanza.

Mdogo wangu alikuwa anaoa, na mimi nikachaguliwa katibu wa kamati. Kwa asiyejua, katibu wa kamati ya harusi huku Uchagani anachukiwa na pande zote mbili: wadaiwa kwa kuwa anakumbuka, waliotoa kwa kuwa anasahau. Orodha yangu ilikuwa na watu 61. Nani kaahidi ngapi, katoa ngapi, nani kaahidi kreti za soda, nani kasema mbuzi wa ndafu ni juu yake halafu hapokei simu. Vyote kwenye Excel, kwenye laptopu hiyo hiyo yenye plasta.

Sasa kijana wa dada yangu alikuwa amemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo huku akimaliza mikate yangu pale Soweto, Soweto ya Moshi. Jioni moja akaniambia, "Anko, kila siku Windows, Windows. Jaribu FreeBSD." Akanieleza kwamba ni mfumo huria wa kuendesha kompyuta, ulianza mwaka 1993, mizizi yake ni Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, na mtu yeyote anaweza kuufungua akaona ulivyoandikwa ndani. "Hata WhatsApp, enzi ilipokuwa inakua, seva zake zilikuwa zinaendeshwa kwa FreeBSD." Hapo akanipata. Kamati yetu nzima inaishi WhatsApp.

"Na Windows hufuti," akaongeza. "Unaweka VirtualBox, unatengeneza mashine pepe. Kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta ya kweli. Diski yake ni faili tu."

Nikanunua bando la usiku, nikashusha faili la gigabaiti moja na ushee, nikalala nusu na kukesha nusu. Asubuhi nawasha mashine pepe, inakataa: VT-x imezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani inayoamka kabla ya Windows. Yaani prosesa inao uwezo wa kubeba mashine ya kuigiza, ila mtu kaufungia kabatini. Kuingia BIOS nikabonyeza F2, F10, Esc na Delete vyote kwa mpigo kama mpiga kinanda wa kwaya siku ya Pasaka. Mojawapo ikakubali, hadi leo sijui ipi. Nikawasha, nikasevu, nikatoka.

Usakinishaji ukaanza. Ni maandishi matupu kwenye visanduku, hakuna picha hata moja. Ukafika mahali unauliza kama nataka kutumia diski nzima, halafu ukaonya kwamba vilivyomo vitafutwa moja kwa moja. Jasho likanitoka. Nikaona majina 61 yakipeperuka kuelekea Holili. Nikamwita kijana.

"Diski ipi hiyo itafutwa?"

"Ya kuigiza, Anko."

"Una uhakika?"

"Anko, ile faili ya gigabaiti 20. Windows haionekani humo ndani hata kidogo."

Nikabonyeza nimefumba macho. Ikaniomba paswedi, nikaandika, hakuna hata nyota moja inayotokea kwenye skrini, unaandika kama unamnong'oneza kiziwi. Ikamaliza, ikajizima na kujiwasha, na kilichokuja mbele yangu ni kisanduku cha kunikaribisha nianze kusakinisha. Nikadhani nimekosea. Nikaanza upya, paswedi nyingine. Ikamaliza, ikawaka, karibu usakinishe. Nikaanza mara ya tatu, paswedi ya tatu, na hasira. Kijana akapita anatafuna mkate, akatazama mara moja tu.

"Anko, sidii hujaitoa."

Lile faili nililoshusha lilikuwa bado limekaa kwenye kisomasidi cha kuigiza, na mashine ilikuwa inaanzia humo kila ikiwaka. Nikalitoa, ikawaka vizuri, ikaniuliza jina. Nilifurahi mno kiasi kwamba sikujaribu hata kuingia. Nikaizima, nikaenda kazini.

Jumapili tukawa na kikao, baa moja ya Kiboriloni, saa kumi. Saa kumi ya kikao cha harusi maana yake ni kumi na moja na nusu. Mhazini, mama mmoja mkubwa wa Kibosho, alikuwa amekusanya michango ya watu 14 baada ya misa. Fedha zikaingia kwenye mkoba wake, mimi nikaandika majina na kiasi. Kwenye karatasi? Hapana, mimi ni mtu wa teknolojia. Nilichapa moja kwa moja kwenye Excel. Sikusevu.

Tukingojea wengine, nikasema nimwoneshe Mwenyekiti maajabu. Nikawasha mashine pepe, nikaingia kwenye menyu, nikachagua ijaze skrini nzima. Kikaja kisanduku chenye maelezo marefu kuhusu namna ya kurudi. Nikakikubali bila kusoma, kama tunavyokubali masharti ya kila kitu. Nikabofya katikati, kikaja kingine, nacho nikakikubali. Mshale wa kipanya ukatoweka.

Na hapo ndipo nembo ya FreeBSD ilipojitokeza: duara jekundu, lina pembe mbili.

"Katibu," mhazini akasema taratibu, "hilo lenye pembe ni nini?"

"Ni nembo tu, Mama. Hii ni mashine pepe."

"Mashine ya nini?"

"Pepe, Mama."

"Nimesikia," akasema, akahamishia mkoba wa hela upande wa pili wa kiti.

Ningeweza kumweleza kwamba kikatuni cha watu wa BSD ni kijishetani kinachoitwa Beastie, na kwamba programu ndogo zinazofanya kazi kimyakimya nyuma ya pazia wao wanaziita daemon, kwa Kigiriki roho, na siyo lazima iwe roho mbaya. Nikampima, ametoka misa ya pili, rozari bado iko mkononi. Nikaacha.

Maandishi meupe yakateremka kwenye weusi, mbio, mistari na mistari, halafu yakasimama. login: na kamstari kanachopepesa.

"Haya, tuonyeshe michango," Mwenyekiti akasema.

Nikasogeza kipanya. Hakuna mshale. Nikabonyeza kitufe cha Windows, kimya. Alt na Tab, kimya. Nikasema kifungwe kwa nguvu, Alt na F4. Skrini ikapepesa, ikaja nyingine inayofanana, nayo inauliza login. Nikarudia kwa F3, ikaja nyingine tena. Baadaye ndipo nilijifunza kwamba FreeBSD ina skrini nane za namna hiyo na hivyo ndivyo unavyozihama. Wakati ule niliona tu kwamba kila nikiua moja inazaliwa nyingine, na mhazini aliona hivyo hivyo, maana alianza kusali kwa sauti.

Nikawaza: niingie, niiamuru izime. Nikaandika root, jina la bosi wa mfumo. Paswedi ya kwanza, imekataa. Ya pili, imekataa. Ya tatu sikuikumbuka, niliiandika na hasira.

Nikavuta kumbukumbu ya kile kisanduku. Kurudi ni kwa kitufe kimoja pamoja na F. Kitufe kipi? Nikatazama kibodi, macho yakatua kwenye selotepu nyeusi.

Yule muuzaji aliniuliza nani anaitumia. Jibu ni VirtualBox.

"Chomoa umeme," Mwenyekiti akasema. Ushauri mzuri, betri yangu inashika dakika nne tu.

"Meku, nikichomoa, michango ya leo inakwenda."

"Inakwenda wapi?" mhazini akauliza, na mkono ukauparamia mkoba.

Nikawaeleza. Hela zipo, majina ndiyo yamo humu. Kimya kikatanda. Kila mtu pale mezani alijua kinachofuata: bila majina, Kibosho nzima itasema imeshatoa. Mjumbe mmoja, ambaye ahadi yake ilikuwa na miezi miwili, akaanza hapo hapo. "Mimi nakumbuka nilitoa leo." Nikafikiria Ctrl ya kushoto na Alt na Delete, lakini nilikulia kwenye kompyuta ambazo ukibonyeza hivyo zinajizima na kujiwasha, nikaogopa. Mama akapendekeza maji ya baraka. Akasema anayo kwenye gari. Nikamsihi kwa heshima zote kwamba laptopu na maji, hata yenye baraka, havipatani.

Saa kumi na mbili kasoro kijana akaingia, ametumwa kuleta risiti ya ukumbi. Nikamnong'oneza. Hakucheka, na hilo nalishukuru hadi leo. Alichukua kijiti cha meno kutoka kwenye kikopo kando ya nyama choma, akabandua selotepu kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na kinundu cha mpira, kizima kabisa, kimekaa gizani tangu siku niliyoinunua. Akakikandamiza kwa kijiti, kidole kingine kwenye F.

Mashine pepe ikanywea ikawa dirisha dogo pembeni, na nyuma yake Excel ikatokea.

"Yesu na Maria," mhazini akashusha pumzi.

"Au ungebonyeza tu Ctrl ya kushoto, Alt na Delete," kijana akasema akitafuna nyama yangu. "Windows haiwezi kuibiwa hiyo."

Meza nzima ikainamia skrini kuhakikisha majina yamo. Yalikuwemo yote 14. Ila faili lilikuwa limesimama pale nilipoishia kuchapa, chini kabisa, na chini kabisa ni mstari wa 61. Mstari huo nilikuwa nimejiwekea mwenyewe, mahali ambapo hakuna mtu huwa anafika. Katibu. Ahadi: 300,000. Alichotoa: 0.

Nikapeleka mshale haraka kwenye alama ya kufunga.

"Hebu iache kwanza," Mwenyekiti akasema.