Saa 15 Tu, Eti!

Kijana wangu aliye New Jersey alinitumia ujumbe: "Baba, Nairobi hadi New York ni kilomita 11,800 hivi. Ndege ya moja kwa moja ni saa 15 tu." Tu! Aliyepima huo umbali aliupima angani, hana begi, hana shemeji, na hakai Kitengela.

Safari yangu mimi ilianza siku mama watoto alipoleta mizani sebuleni. Kilo 23 kwa begi. Anapanda peke yake, namsomea uzito, ananinunia. Anapanda tena amebeba begi, tunatoa hesabu. Zimezidi! Nini kipunguzwe? Omena hazitoki, mtoto amekonda. Unga hautoki, ule wa huko hausongeki. Zikatoka suruali zangu. Nimeingia Marekani na suruali ya mwilini na omena za kulisha kata nzima.

Halafu Barabara ya Mombasa. Ndege ni ya usiku, sisi tumetoka mchana, maana lori likilala pale Mlolongo umekwisha. Matatu ya kukodi imejaa wasindikizaji. Wengine siwajui mpaka leo, ila soda walikunywa.

Na hiyo ya moja kwa moja waachie wenye nazo. Tiketi yangu ya bei nafuu ilipitia Doha. Hebu tazama ramani: New York iko magharibi, mimi naanza kwa kuelekea kaskazini mashariki! Kilomita kama 3,350 hadi Doha, kisha 10,800 nyingine za kugeuza. Jumla zaidi ya 14,000. Hizo 2,300 za ziada ningekwenda Mombasa na kurudi mara mbili kwa barabara, na chenji ikabaki.

Kiti nacho cha katikati. Jamaa wa upande wa njia alikoroma kabla magurudumu hayajaacha ardhi, na mimi nimeshakunywa chai mbili. Mbele yangu kwenye kioo kuna kindege kinachotambaa juu ya ramani. Nikasinzia, nikaamka, kindege kiko palepale! Kumbe huko juu upepo unavuma kutoka magharibi, ndiyo maana kwenda ni kurefu kuliko kurudi. Hata upepo una ubaguzi.

Nimefika, naambiwa nimepata faida ya saa saba. Faida gani? Saa tisa usiku nimetoa macho, tumbo linadai chai ya saa nne. Nikanyata jikoni nikakaange omena kidogo. Kengele ya moshi ikalia nyumba nzima! Nikiwa juu ya kiti naipepea kwa taulo, simu nayo inaita. Shemeji, kutoka Kitengela, kumekucha kwao.

"Shem, ulifika? Mbona unaongea chini chini? Ushaanza maringo? Hiyo simu yangu umeshaninunulia?"