Wazee wetu wakija Marekani, waombeeni mkalimani

Wazazi wengi wanaokuja kututembelea huku wanajua Kiingereza, tena kizuri. Ni kile cha shule, chenye asili ya Uingereza, na nyumbani kinawatosha kabisa. Ndiyo maana wakiulizwa hospitalini kama wanataka mkalimani, wanakataa haraka. Mimi nasema wakubali.

Chukua "dispensary". Kwetu ni zahanati, mama anapeleka mtoto kupimwa uzito na kuchanjwa. Hapa Colorado ni duka la bangi, na tangu Januari 2014 mtu mzima ananunua bila cheti cha daktari. Sasa mzee akimwambia muuguzi kwamba kila mwezi huenda huko, ataeleweka vipi? "Theatre" nayo huku ni ukumbi wa maigizo, si chumba cha upasuaji.

Hayo angalau hayadhuru mwili. Ninachokiogopa ni dawa. Mama mdogo alikuja na Panadol zake kwenye mkoba, kama wanavyosafiri mama zetu wote. Goti lilipomsumbua akaandikiwa "acetaminophen". Muuguzi akamuuliza kama ana nyingine ya aina hiyo nyumbani. Akajibu hana, anatumia paracetamol tu. Jamani, ni dawa ile ile! Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ikizidi, ini linaumia. Tulipofika nyumbani nikaweka pakiti zote mbili mezani, nikamsomea. "Kumbe ningemeza zote!" akasema, na alikuwa ameshatoa maji ya kunywea.

Wenye pumu nao wajue kwamba salbutamol huku huitwa albuterol. Na miadi ikiandikwa 4/7, ni tarehe 7 Aprili, si 4 Julai.

Haya yote hayatokani na ujinga wa wazee. Nyumbani tumezoea kumpima mtu kwa Kiingereza chake, hivyo kuomba mkalimani wanaona ni kujishusha. Lakini ni haki: kwa msingi wa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kumsaidia kwa lugha, bila malipo, mgonjwa asiyekimudu Kiingereza vizuri. Mkalimani wa Kiswahili hupatikana hata kwa simu. Na tafadhali, msiwape watoto kazi hiyo. Mtoto hawezi kubeba habari za ugonjwa wa bibi yake.

Ombeni mkalimani siku ileile mnapopanga miadi, na mzee aende na dawa zake zote, zikiwa kwenye pakiti zake.