Pipa la taka na namba ya siri

Kifuniko cha pipa letu la taka kilivunjika Jumanne moja usiku, mke wangu akiwa zamu hospitalini. Nikakaa mezani, nikafungua tovuti ya halmashauri ya hapa Leicester, Uingereza, na programu ya kusoma skrini ikaanza kunitajia: jina kamili, lazima kujaza, anwani, aina ya pipa, chagua moja. Nikakosea postikodi. Sauti ikaniambia kosa liko wapi, ikanirudisha pale pale. Dakika kumi hazikuisha nikasikia: ombi lako limepokelewa. Wiki iliyofuata mke wangu alikuta pipa jipya mlangoni, akauliza nani ameagiza. Nikamwambia, mimi.

Najua yupo mtu Kampala atakayesoma hapa aseme: pipa tu? Ndiyo, pipa tu. Presha ya macho ilinizimia taa nikiwa na miaka 19. Tangu siku hiyo sikuwahi kumaliza jambo la ofisi yoyote bila mtu pembeni yangu kunisomea, kunijazia, na kujua kila kilicho changu.

Tuliokulia kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala, tumezoea maisha ya pazia katikati ya chumba. Jirani anajua mmekula nini na baba amerudi saa ngapi. Hilo silichukii, na Kiswahili hiki ninachoandika nimekipata humo humo. Ninachokichukia ni namba yangu ya siri ya pesa za simu kujulikana na watu wanne: dada yangu, mpwa wangu, jirani, na wakala aliyekaa chini ya mwavuli barabarani. Ile menyu ya nyota na reli ilikuwa inafutika kabla sauti ya simu haijafika chaguo la tano. Nikianza upya, inafutika tena. Kwa hiyo namkabidhi mtu simu, nataja namba. Siku zilipopotea shilingi 85,000 sikuweza kumuuliza hata mmoja, maana kumuuliza mmoja ni kuwatuhumu wote, na kesho nitawahitaji wote. Nikanyamaza. Mpaka leo sijui.

Sasa mtasema watu wa kyeyo, yaani tuliokwenda ng'ambo kutafuta kazi, tukishashiba tunaanza kuitukana nyumbani. Sitaki kusikia hilo. Mimi ndiye ninayewaambia watu wa huku kwamba Uganda ina wabunge watano wanaowakilisha watu wenye ulemavu, viti vyao wenyewe, na Bunge la Uingereza halina hata kimoja. Jirani yangu hapa, naye haoni, alinitaka nirudie mara mbili. Katiba yetu ya 1995 iliitaja lugha ya alama wakati nchi nyingi tajiri zilikuwa hazijaiweka kwenye katiba zao. Tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na ibara yake ya 9 inaitaja intaneti kwa jina. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2020. Nikiyataja haya kifua kinanijaa, wala sitanii.

Lakini kifua hicho hicho kinaniuma nikikumbuka tangazo la kazi lililoletwa kwenye kundi letu la WhatsApp: karatasi imepigwa mhuri, ikapigwa picha, ikatumwa. Chini yake wameandika kwamba watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Maneno hayo yalibidi nisomewe na mtu. Simu yangu ilisema neno moja tu: picha.

Tena siyo kwamba Wazungu wana roho nzuri kuliko sisi. Kuna mkahawa wa hapa ambao programu yake inanisomea kitufe, kitufe, kitufe, hakuna chenye jina, nikaacha kununua kwao. Tofauti ni kwamba kanuni za Uingereza za 2018 zinaitaka taasisi ya umma itangaze kwenye tovuti yake yenyewe kipi hakifikiki na ulalamike wapi. Nililalamika mara moja kuhusu hati iliyopigwa picha. Nikaletewa maandishi.

Fundi wa tovuti wa Kampala ataniambia ni gharama. Ndugu yangu, kukipa kitufe jina ni mstari mmoja. Kuandika maelezo ya picha ni sentensi moja. NVDA, programu inayosoma skrini ya kompyuta, ni ya bure, na aliyeianzisha mwaka 2006 ni Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, naye haoni. Ipakue leo usiku, zima skrini yako, ujaribu kujaza fomu uliyoitengeneza mwenyewe. Mwongozo wa kimataifa, WCAG, unasema mwangaza wa maandishi ya kawaida utofautiane na wa mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Jaribu maandishi ya kijivu juu ya nyeupe kwenye jua la saa saba pale stendi ya zamani ya teksi mjini Kampala, uone kama wewe mwenye macho mazima utayasoma.

Mwingine atauliza vipofu wangapi wana simu. Sensa ya 2014 ilikuta watu zaidi ya 12 katika kila 100 wana ulemavu wa namna fulani, na ulemavu si wa macho tu: wapo viziwi wanaotazama video zisizo na maandishi na wenye mikono isiyoweza kubofya kitu kidogo.

Aliye mgumu kumjibu ni yule atakayesema: nyumbani tunasaidiana, huko mnaishi peke yenu kama mawe. Huyo ana haki. Nsambya sikuwahi kuvuka barabara bila mkono wa mtu begani, hata wa nisiyemjua. Hapa nimewahi kusimama kwenye mvua mpaka soksi zikalowa na watu wanapita. Naukosa mkono ule kila siku. Ila mkono wa kuvushwa barabara ni kitu kimoja, na mkono unaoshika pesa zangu kwa sababu fundi hakukipa kitufe jina ni kitu kingine kabisa. Wa kwanza naupenda. Wa pili sikuuchagua.

Jumapili nilimtumia Mama pesa. Macho yake nayo yanafifia sasa, ugonjwa ule ule. Akanipigia kusema zimefika, kisha, kabla hajakata, nikamsikia akimpa simu kijana wa kibandani, akimtajia namba yake ya siri, tarakimu moja moja, kwa sauti ya kutosha. Nyuma yake kulikuwa na watu wengi wanaongea.