Sukari na chumvi huingia kwa mlango mmoja

Masika ya mwaka jana mtoto wa mdogo wangu, wa mwaka mmoja na miezi minne, alishikwa na kuhara. Zahanati walitupa pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji kumnywesha anayehara. Mama mdogo, ambaye amelea watoto saba na wajukuu juu yake, akaimimina moja kwenye chupa ya nusu lita, akaonja, akakunja uso, akaongeza vijiko vinne vya sukari ili mtoto apende. Mtoto akapenda kweli, akanywa. Kufika jioni alikuwa anaharisha maji matupu na macho yameanza kuingia ndani.

Nami nilikuwepo. Nafundisha baiolojia sekondari, kila mwaka nachora utando wa seli ubaoni, na bado nilimtazama akitia ile sukari nikaona ni sawa. Kilichonizindua ni kachumbari. Tulipokaa kula, maji yalikuwa yamejaa chini ya bakuli. Hakuna aliyeyatia. Vitunguu vilikatwa, vikanyunyiziwa chumvi, vikaachwa kidogo, basi.

Kila seli ya kitunguu imefunikwa na utando. Maji hupenya, chumvi haipenyi kirahisi, kwa hiyo chumvi ikizidi nje, maji huifuata huko huko. Sukari ikizidi kwenye utumbo wa mtoto, mambo ni yale yale: maji yanatoka mwilini kuifuata utumboni, na kuhara kunaongezeka. Tena pakiti zetu zilikuwa za kukorogwa kwenye lita nzima, kwa hiyo hata chumvi ilikuwa maradufu, jambo la hatari kwa mtoto mdogo. Tulikuwa tunamgeuza kitunguu.

Utando wenyewe ni mwembamba kupita kiasi, kama nanomita 7 au 8 hivi, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Mwaka 1925, huko Leiden, Uholanzi, wanasayansi Gorter na Grendel walitoa mafuta kwenye seli nyekundu za damu wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanafunika eneo karibu mara mbili ya lile la seli zenyewe. Wakasema basi mafuta hayo yamepangwa safu mbili. Walikuwa sahihi: vichwa vinavyopenda maji vinatazama nje na ndani, mikia inayoyakimbia imejificha katikati. Ndiyo maana chumvi na sukari, ambazo zimezoea maji, haziwezi kujipitia zenyewe. Zinahitaji milango, na milango hiyo ni protini zilizochomekwa katika yale mafuta, nyingi zikiwa zinaelea na kusogea. Picha hiyo tuliipata kwa wanasayansi Singer na Nicolson mwaka 1972. Hata maji yana milango yake ya pekee. Aliyeigundua, Peter Agre, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2003.

Mlango ninaotaka kila mzazi aujue ni ule ulioelezwa na mwanasayansi Robert Crane mjini Prague mwaka 1960. Uko kwenye seli za utumbo mwembamba. Glukosi, ile sukari iliyomo kwenye ORS, ikija peke yake, haipiti. Sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ikija peke yake, haipiti vilevile. Zikija pamoja, sodiamu mbili kwa glukosi moja, zinaingia, na maji yanafuata nyuma yao. Upande wa pili wa seli kuna pampu inayoitoa sodiamu kuipeleka kwenye damu, tatu kwa mkupuo, huku ikiingiza potasiamu mbili, ili ndani pabaki na nafasi ya sodiamu nyingine.

Sasa tazama kipindupindu. Sumu yake huzifanya seli za utumbo zifungulie kloridi, ile sehemu nyingine ya chumvi, imwagike, sodiamu na maji vikaifuata, na mgonjwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Lakini ule mlango wa sukari na chumvi sumu haiugusi. Mtu anamwaga maji kama bomba lililopasuka na mlango wa kuyarudisha bado uko wazi! Kila ninapofika hapa darasani nasimama kidogo, kwa sababu mamilioni ya watu wako hai kwa ajili ya jambo hili moja. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi huko Bongaon, India, maji ya dripu yalikuwa yanakwisha na wagonjwa wamelala sakafuni. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha glukosi na chumvi zilizochanganywa kwenye mapipa. Vifo vilikuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100. Vikashuka chini ya 4.

Kipimo nacho kina maana yake. Mwaka 2002 WHO na UNICEF walipunguza vyote viwili kwa lita: glukosi kutoka gramu 20 hadi 13.5, chumvi ya kawaida kutoka 3.5 hadi 2.6, kwa kuwa mchanganyiko mwepesi ulipunguza kuhara na kutapika. Wataalamu wanapunguza sukari, sisi nyumbani tunaiongeza.

Mwalimu mwenzangu anasema mama hana haja ya kujua habari za sodiamu, afuate maelekezo tu. Sikubaliani naye hata kidogo. Agizo lisilo na sababu hubadilishwa mara tu ladha ikiwa mbaya. Mama mdogo alifuata mpaka ulimi wake ulipomwambia vingine, na hakuna aliyewahi kumpa hoja ya kuushinda ulimi. Mwanafunzi wangu naye anajifunza utando kwa Kiingereza, anauchora kwenye mtihani kwa Kiingereza, akirudi nyumbani hana neno hata moja la kumwambia bibi yake anayekoroga dawa. Hilo linaniuma kuliko alama wanazokosa.

Usiku ule tuliimwaga chupa. Nilimwonyesha mama mdogo bakuli la kachumbari, nikamweleza kitunguu, kisha mlango. Dakika mbili hazikuisha, akaniuliza, "Kumbe na soda ni hivyo hivyo?" Ndiyo, mama, na soda. Tukakoroga pakiti ya pili kwenye lita kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa, akamnywesha kijiko kimoja kimoja. Akitapika, wanangoja dakika kumi wanaanza tena. Alfajiri nepi ikalowa mkojo, mama mdogo akaniamsha nije nione. Asubuhi tulimrudisha zahanati, akapewa na zinki.

Siku hizi jagi la mama mdogo lina mstari mwekundu wa rangi ya kucha kwenye usawa wa lita moja. Majirani wanakuja kuliazima, na halitoki kabla hajawaeleza habari za kitunguu.