Turbo au injini ya kawaida: magari ya spoti katika joto la Kusini

Ubishi juu ya turbo, kifaa kinachoishindilia injini hewa zaidi, hapa Mtwara huanzia kwenye namba na kuishia gereji, na mara nyingi wanaobishana hawazungumzii gari moja. Anayeitetea turbo huwa na picha ya gari likiwa jipya, linalopewa petroli na oili iliyoelekezwa na mtengenezaji. Anayeitetea injini ya kawaida, yaani ile inayovuta hewa kwa pistoni zake tu bila kusukumiwa, anawaza gari la miaka ishirini lililoshushwa melini Dar es Salaam, likapita mikononi mwa wamiliki wawili au watatu, ndipo likavuka Daraja la Mkapa kuja huku. Wote wawili wana haki katika wanalolisema, lakini kwa mkazi wa Lindi au Masasi hoja yenye uzito ni ya huyu wa pili, kwa sababu magari ya spoti tunayoyaona Kusini karibu yote ni mitumba.

Chukua magari mawili ya Kijapani ambayo mpenda magari yeyote anayafahamu: Toyota Altezza RS200, iliyotoka mwaka 1998, na Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2000. Injini zao zinalingana karibu kabisa kwa ujazo, ya Altezza ikiwa na sentimita za ujazo 1998 na ya Subaru 1994. Altezza haina turbo. Inatoa nguvu farasi 210, lakini mpaka injini ifike mizunguko 7600 kwa dakika. Subaru ina turbo, na inatoa nguvu farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasikivuke katika takwimu wanazozitangaza, hadi makubaliano hayo yalipoachwa mwaka 2004. Pengo la farasi 70 ni kubwa, ila silo lililoipa Subaru sifa yake. Sifa hiyo inatokana na toki, yaani nguvu ya kuzungusha: Altezza inafikia nyutoni-mita 216 kwenye mizunguko 4800, na Subaru nyutoni-mita 373 kwenye mizunguko 4000. Kwa ujazo uleule, injini moja inasukuma zaidi ya mara moja na nusu ya mwenzake, tena inaanza kusukuma mapema.

Kinachofanyika ndani ni jambo rahisi kulieleza. Injini haiwezi kuchoma petroli zaidi ya hewa iliyoingia kwenye silinda, na turbo huongeza hewa hiyo kwa kutumia moshi ambao vinginevyo ungepotelea kwenye bomba: moshi unazungusha gurudumu dogo la mapanga, na gurudumu hilo, kupitia mhimili mmoja, linazungusha jingine linaloshindilia hewa ndani. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905. Magari ya abiria yaliyouzwa kwa umma yakiwa na turbo yalianza kuonekana Marekani mwaka 1962, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder, na Porsche ikaingia na 911 Turbo mwaka 1975.

Hoja ya turbo inaeleweka vizuri zaidi ukiwa barabarani kuliko ukiwa umekaa na namba. Anayetoka Mtwara kupitia Mikindani hadi Mingoyo, pale barabara inapogawanyika kwenda Lindi na Masasi, ajue kwamba msimu wa korosho atakutana na malori mengi yaliyojaa magunia. Umefungwa nyuma ya lori linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mbele kuna nafasi fupi kabla ya kona, na unatakiwa kuamua. Mwenye Subaru anabaki gia ya tatu, anakanyaga mafuta, anasubiri kidogo sana, kisha gari linamtoa pale kama lililosukumwa kwa mgongo. Mwenye Altezza lazima ashushe gia hadi ya pili kabla hajatoka upande wake, aiache injini ipige kelele hadi mizunguko 6000 na zaidi, na apime nafasi kwa uangalifu mkubwa. Anayependa kuendesha atakwambia huo ndio utamu wenyewe, nami sina ubishi naye, lakini mke na watoto waliokaa kiti cha nyuma huenda wasiuone utamu huo.

Tena, barabara zetu zina vibao vya kilomita 50 kila penye makazi, na kutoka Lindi hadi Kibiti makazi hayo hayaishi. Injini ambayo nguvu yake yote iko juu ya mizunguko 7000 haipati mahali pa kuitoa bila dereva kuvunja sheria. Ukifika huko hata katika gia ya pili, umekwishapita mbali kikomo cha kijijini. Toki ya turbo inapatikana kwa mwendo ambao mtu anautumia kila siku. Hapa watetezi wa injini ya kawaida hukwepa swali kwa kuzungumzia mlio, na mlio kweli ni mzuri, ila hauwezi kukupitisha mbele ya lori.

Hata hivyo, utulivu wa injini ya kawaida una thamani yake, na wenye ushahidi mzito ni watengenezaji wenyewe. Mwaka 2016 Porsche iliondoa injini ya silinda sita isiyo na turbo kwenye gari lake dogo la Cayman, ikaweka ya silinda nne yenye turbo, iliyokuwa na nguvu zaidi. Wateja walilalamika, na miaka michache baadaye kampuni ikarudisha silinda sita, lita 4.0, bila turbo, katika toleo la GTS. Ile 911 GT3, ambayo ndiyo Porsche ya watu wa mbio, haijawahi kuwekewa turbo. Ferrari ilikwenda njia nyingine: 458 Italia ya lita 4.5 isiyo na turbo ilifuatiwa mwaka 2015 na 488 GTB ya lita 3.9 yenye turbo mbili, na nguvu farasi zikapanda kutoka 570 hadi 670. Lakini wahandisi wake walilazimika kuipunguza toki hiyo kwa kompyuta katika gia za chini, ili nguvu ije kwa kupanda polepole kama ilivyokuwa zamani. Mtu anayeinunua turbo kisha anaitengeneza ijifanye si turbo amekubali kwamba kuna kitu alikipoteza.

Kitu hicho ni uhusiano wa moja kwa moja kati ya mguu na gurudumu. Katika injini ya kawaida, robo ya mkanyago inatoa kiasi chake na nusu inatoa kiasi chake, na dereva anajua kitakachokuja. Turbo za zamani, na hizi za mitumba ni za zamani, hukaa kimya kisha zikaleta mzigo wote kwa mkupuo. Sababu mojawapo ni kwamba injini hutengenezwa ikiwa na mgandamizo mdogo ili isijiumize hewa ikizidi: Altezza hukandamiza mchanganyiko wake mara 11.5, Subaru ile mara 8 tu. Kabla turbo haijaamka, Subaru ni injini ya lita mbili iliyo nyonge kuliko ya Altezza. Katika kona yenye mchanga uliosogezwa na mvua, mkupuo wa namna hiyo haufai, ingawa Subaru hujitetea kwa kuendesha magurudumu yote manne.

Sasa tuje kwenye mazingira yetu, maana hapo ndipo mizani inapoanza kuinama. Faida mojawapo kubwa ya turbo ni mwinuko. Hewa ya milimani ni nyepesi, na mjini Mbeya, kwenye mita 1700 hivi juu ya usawa wa bahari, injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu yake, wakati turbo inaweza kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Ndiyo maana mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric aliipeleka injini ya ndege hadi juu ya mlima Pikes Peak, Colorado, ili kuonyesha kazi ya turbo yake. Mtwara na Lindi ziko ufukweni. Hewa tunayovuta ni nzito kadiri shinikizo linavyohusika, na hata anayepanda hadi Newala juu ya uwanda wa Makonde hapotezi kiasi cha kumtia wasiwasi. Faida ambayo mtu wa Nyanda za Juu anaipata kwa turbo, sisi hatuihitaji.

Tunachokipata badala yake ni joto. Hewa ikishindiliwa hupata moto, na turbo inaposukuma kwa nguvu hewa hiyo huweza kuvuka nyuzi 100 kabla ya kufika kwenye kipozeo, kile mafundi wanachokiita intakula. Katika Impreza intakula imelazwa juu ya injini yenyewe, chini ya lile tundu la kwenye boneti, na hupozwa na upepo unaoingia gari likienda. Gari likisimama mzanini au kwenye foleni ya mchana wa Novemba, joto la injini hupanda moja kwa moja hadi kwenye intakula, na ukiondoka utahisi gari limelegea kwa muda, kana kwamba limebeba mzigo. Kompyuta imeona hewa ya moto na imerudisha nyuma muda wa cheche ili kuzuia petroli isiwake kabla ya wakati. Hilo ni jambo jema, lakini maana yake ni kwamba zile farasi 280 za kwenye karatasi hazikuwepo siku hiyo.

Suala la petroli linafanana. Injini hizi ziliandaliwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kiwango chake cha okteni, yaani uwezo wa kuhimili mgandamizo bila kuwaka kabla ya wakati, hakipungui 96. Wapenzi wa Altezza wasishangilie haraka, kwa kuwa mgandamizo wa mara 11.5 nao ulikusudiwa petroli hiyohiyo. Tofauti iko kwenye adhabu. Altezza ikipewa petroli duni hupungua nguvu na kuongeza ulaji. Turbo iliyoongezewa shinikizo na fundi wa mtaani, kisha ikapewa petroli hiyohiyo, hutoboa pistoni.

Hapo tumefika gereji, na ndipo kwangu hoja inapokatika. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, upande mmoja ukiwa kwenye moshi unaoweza kukaribia nyuzi 900, na kinachoutenganisha na chuma kinachoushika ni utando mwembamba wa oili. Oili ikichakaa, ikipungua, au dereva akizima injini ghafla baada ya kukimbia, iliyobaki ndani huungua na kuwa masizi, na masizi hayo ndiyo yanayouua mhimili. Injini ya kawaida husamehe mengi. Mtu anaweza kuchelewa kubadilisha oili akalipia taratibu, kwa miaka. Turbo hailikopeshi kosa la namna hiyo. Na mmiliki wa tatu wa gari hana njia ya kujua kama wa kwanza na wa pili waliijali oili, maana kitabu cha huduma kilibaki Japani au kimeandikwa kwa lugha asiyoisoma.

Ikifa, turbo nyingine, kwa kawaida nayo ni ya mtumba, huagizwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye basi. Njia ya karibu ni moja. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara hiyo eneo la Somanga, aliyekuwa akisubiri spea alisubiri pamoja na waliokuwa wakisubiri vyakula na dawa. Mafundi wa Mtwara na Lindi ni hodari, na injini za Toyota zisizo na turbo wanazifungua na kuzifunga kwa mazoea. Vya turbo wanavijua pia, lakini vipimo vya shinikizo na vifaa vya kusoma kompyuta havipatikani kila gereji, na bila vifaa hivyo kazi hubaki kuwa ya kukisia.

Watetezi wa turbo wana hoja moja ambayo mimi siwezi kuivunja, nayo ni ya forodha. Ushuru wa bidhaa kwa magari yanayoingia nchini hupanda injini inapozidi sentimita za ujazo 2000, kwa hiyo anayetaka nguvu farasi zaidi ya 200 bila kuvuka mpaka huo ana njia chache. Altezza RS200 inaifikia nguvu hiyo kwa mizunguko mingi tu, na haitengenezwi tena tangu 2005, hivyo zilizo nzima zinazidi kuadimika. Mark X ya lita 2.5, tulivu na isiyo na turbo, iko ng'ambo ya mpaka. Wanaotengeneza magari mapya nao wameelemea upande wa turbo kwa sababu ya sheria za moshi za Ulaya na Japani, na Toyota GR86, iliyoongezewa ujazo kutoka lita 2.0 hadi 2.4 badala ya kuwekewa turbo, imebaki miongoni mwa wachache.

Kwa hiyo, kwa mtu mwenye gari moja, anayeishi pwani hii na kulitegemea kufika kazini, ningechagua injini ya kawaida bila kusita, nikijua kwamba nitaonewa na Subaru kila nyuma ya lori. Kwa aliye na gari jingine la shughuli, na mwenye subira ya kubadilisha oili kila kilomita 5000 na kuiacha injini ipumzike dakika moja au mbili kabla ya kuzima, turbo ni furaha halali. Huyo akienda kununua, aende asubuhi na aguse boneti kabla gari halijawashwa. Awashe mwenyewe, aangalie kama moshi wa bluu unatoka injini ikiwa baridi, na amwombe fundi achomoe mpira wa hewa na kuutikisa ule mhimili kwa vidole kuona kama unacheza. Muuzaji atakayempokea injini ikiwa inaunguruma tayari, akisema amempunguzia kusubiri, amwambie atarudi kesho.